Maumbo ya Bodi na Uteuzi wa Oili katika Magari ya Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia

Utangulizi

Katika gereji nyingi za Kenya, neno 'mafuta' limebebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, kinacholainisha injini ni mafuta, na kinachotiwa katika giaboksi vilevile ni mafuta. Dereva wa gari la kisasa hapati hasara kubwa kutokana na utata huu kwa kuwa maandishi ya kopo la dukani yamekwisha kumwamulia. Mambo hubadilika pale gari linapokuwa limeundwa mwaka 1928. Mwenye gari hilo akiagiza 'mafuta mazito', anaweza kuletewa oili ya namba 40 ya lori la dizeli, au oili ya giaboksi yenye kemikali zinazotafuna shaba, au oili ya kisasa iliyojaa visafishi, na asitambue kosa hadi injini ianze kugonga.

Makala haya yanakusudia kufafanua mambo mawili yanayomkabili yeyote anayekutana na gari la kabla ya mwaka 1939: namna ya kutambua umbo la bodi yake, na namna ya kuiteulia injini yake oili inayoifaa. Kwa mtazamo wa juujuu mambo haya hayana uhusiano. Hata hivyo, katika yote mawili jina likikosewa, mkono nao hukosea, na kwa sababu hiyo yanamhusu mwanafunzi wa istilahi sawa na yanavyomhusu fundi. Neno 'oili' litatumika hapa kwa maana ya kilainishi cha injini pekee, nalo 'mafuta' liachiwe kazi zake nyingine.

Ikumbukwe kwamba si kila gari kuukuu ni la kale kwa maana moja. Chama cha Vintage Sports-Car Club kilichoasisiwa Uingereza mwaka 1934 huyahesabu magari yaliyoundwa baina ya mwaka 1919 na mwisho wa mwaka 1930 kuwa ndiyo yenye kustahili jina la 'vinteji'. Kwa kigezo hicho, gari la mwaka 1934 ni la kabla ya vita lakini si vinteji. Msafara wa magari wa kutoka London hadi Brighton nao hukubali magari ya kabla ya mwaka 1905 tu. Huko Marekani viwanda viliendelea kuunda magari ya raia hadi Februari 1942, hivyo mpaka wa 'kabla ya vita' husogea mbele kidogo. Kiswahili hakijalazimika kuyatenga makundi haya, na pengine 'gari la kabla ya vita' linatosha mradi mwaka utajwe.

Bodi na asili ya majina yake

Msomaji aliyezoea magari ya leo huona bodi na injini kuwa kitu kimoja. Katika miaka ya 1920 haikuwa hivyo. Kampuni kama Rolls-Royce iliuza chesisi iliyo hai, yaani fremu, injini, magurudumu na usukani, kisha mnunuzi akaipeleka kwa waundaji wa bodi, mathalani Barker, Hooper au Park Ward, ambao walimshonea bodi kama fundi cherehani anavyomshonea mtu suti. Chesisi mbili za mwaka mmoja, zenye injini zinazofanana kama shilingi kwa ya pili, zingeweza kutoka mlangoni zikiwa magari mawili yasiyofanana hata kidogo.

Waundaji hao walikuwa wajukuu wa waundaji wa magari ya farasi, na majina waliyoyatumia waliyarithi huko. 'Faitoni' latokana na ngano ya Kiyunani kuhusu mwana wa Jua aliyeliendesha gari la babake likamshinda. 'Landau' ni jina la mji wa Ujerumani. 'Brougham' ni la mwanasiasa wa Uingereza. Jina la gari fupi la watu wawili lenye paa lisilokunjwa latokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kukata, kwani gari hilo lilikuwa kama gari refu lililokatwa sehemu. Mtaalamu wa istilahi atakayelitohoa jina hili kwa kufuata sauti zake atapata 'kupe', na hapo gari la kifahari litageuka mdudu anyonyaye damu ya ng'ombe! Ili kuepuka kicheko hicho, makala haya yanaliita 'kupee'. 'Saluni' nayo tayari ni mahali pa kusukia nywele, lakini muktadha unatosha kutofautisha.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mataifa yaliyorithi majina haya hayakuyarithi kwa maana moja. Gari ambalo Mwingereza huliita saluni, Mmarekani huliita sedani, Mfaransa na Mwitaliano hulipa jina linalotokana na mji wa Berlin, naye Mjerumani huliita 'Limousine'. Anayesoma tangazo la Kijerumani la mwaka 1932 na kudhani kuwa anauziwa gari la rais atashangaa kuletewa gari dogo la familia. Vivyo hivyo, gari la wazi lenye viti vya watu wanne au watano ni 'tura' kwa Mwingereza, ni faitoni kwa baadhi ya viwanda vya Marekani, na ni 'torpedo' kwa Mfaransa. Kwa hivyo si busara kuanza na jina. Yafaa kuanza na gari lenyewe na kuliuliza maswali.

Maswali ya kuliuliza gari

Swali la kwanza ni la paa: je, linakunjika? Likikunjika, swali la pili lahusu madirisha ya ubavuni. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Rodista ni gari la wazi la watu wawili ambalo milango yake haina vioo vya kupandisha. Mvua ikija, abiria hufunga mapazia ya turubai yenye vidirisha vya seluloidi, nayo maji hupata njia hata hivyo. Kabrioleti, kwa upande wake, lina vioo vinavyopanda na kushuka ndani ya milango, na paa lake ni nene, mara nyingi lenye bitana ndani. Ukitaka kuhakikisha, tazama nguzo za kioo cha mbele. Katika rodista nguzo hizo aghalabu zimefungwa juu ya bodi kwa skrubu kama kitu kilichoongezwa baadaye, na kioo huweza kulazwa. Katika kabrioleti nguzo ni sehemu ya bodi yenyewe kwa sababu mlango wenye kioo unahitaji kitu imara cha kuegemea. Waingereza huliita kabrioleti la watu wawili kupee ya paa la kukunja, na hapo ndipo orodha za minada huanza kuchanganya mambo.

Ford Modeli A, iliyotoka Desemba 1927 na kuundwa hadi mwaka 1931 kwa idadi inayokaribia milioni tano, ni darasa zuri la jambo hili kwa kuwa kampuni moja iliuza karibu kila umbo juu ya chesisi ileile. Kulikuwa na rodista, kulikuwa na kabrioleti, kulikuwa na faitoni, na kulikuwa na saluni za milango miwili na minne ambazo Ford iliziita 'Tudor' na 'Fordor' kwa kuchezea matamshi ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya milango miwili na milango minne. Lakini mtego halisi ulikuwa ile iliyoitwa Sport Coupe. Paa lake limefunikwa kwa kitambaa, na ubavuni mna vyuma viwili vilivyopindwa kwa umbo la herufi S, vile vile vilivyotumika kukunjia paa za magari ya farasi. Kila dalili yasema kwamba paa hilo hukunjwa. Halikunjwi. Vyuma vile ni pambo tu, na chini ya kitambaa pana kiunzi kilichokaza. Mtu anayelazimisha paa hilo kushuka atavunja mbao ambazo zimestahimili karibu miaka mia moja. Njia ya kuepuka msiba huo ni kuingia ndani na kupapasa mbavu za paa: zikiwa na bawaba, paa hukunjwa, zisipokuwa nazo, waachwe walivyo.

Paa lisipokunjika, swali linakuwa la viti, milango na madirisha. Kupee ina safu moja ya viti ndani, ingawa nyuma, mahali ambapo leo pangekuwa buti, huenda pakawa na kifuniko kinachofunguka na kutoa kiti cha watu wawili watakaopigwa na upepo na vumbi njia nzima. Rodista pia lingeweza kuwa na kiti hicho, hivyo chenyewe hakithibitishi lolote. Saluni ina safu mbili za viti, na Waingereza huzigawa kwa kuhesabu madirisha ya ubavuni: yenye madirisha manne na yenye madirisha sita. Limuzini hutambulika kwa ukuta wa kioo kati ya dereva na abiria, wala si kwa urefu. Landoleti ni lile ambalo sehemu ya nyuma tu ya paa hufunuka ili bwana au bibi aonekane na umati. Na kuna yale ambayo abiria amefunikwa kabisa ilhali dereva ameachwa juani na mvuani. Gari hilo linasema mengi kuhusu jamii iliyoliagiza kuliko kitabu cha historia.

Kutambua umbo hakutoshi, kwa maana umbo laweza kughushiwa. Magari ya wazi huuzwa kwa bei ya juu kuliko yaliyofunikwa, na kwa miaka mingi tofauti hiyo imewashawishi watu kung'oa saluni na limuzini halisi kutoka kwenye chesisi nzuri, hasa za Bentley za miaka ya 1920, na kuweka tura mpya zilizoigwa. Kila bodi iliyong'olewa hivyo ilikuwa ushahidi wa namna watu wa kawaida walivyosafiri, na nyingi ziliishia kuoza au kuchomwa. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji wa leo hudhani Bentley zote zilikuwa magari ya mashindano, ilhali nyingi zilinunuliwa na watu waliotaka kufika kazini bila kulowa.

Ushahidi wa uhalisi hutafutwa chini ya rangi. Bodi nyingi za Uingereza zilikuwa kiunzi cha mbao ngumu kilichovikwa mabati au alumini; sumaku ndogo ya mfukoni itamwambia mtafiti palipo na chuma na palipo na alumini. Zipo bodi za mtindo wa Weymann, zilizoshamiri katika miaka ya 1920, ambazo mbao zake ziliunganishwa kwa vipande vya chuma ili ubao usigusane na ubao, kisha zikavikwa kitambaa badala ya bati. Zilikuwa nyepesi na hazikulialia barabarani, ila kitambaa hakikustahimili mvua na jua kwa muda mrefu. Kwa upande mwingine, kampuni ya Budd ya Marekani ilikuwa imekwisha kuunda bodi za chuma kitupu kwa ajili ya Dodge katika miaka ya 1910, na Citroën ikaleta teknolojia hiyo Ulaya katikati ya miaka ya 1920. Yeyote anayeonyeshwa bodi ya mwaka 1924 yenye kulehemiwa kwa umeme kila mahali na isiyo na ubao hata mmoja ana haki ya kuuliza ilitoka wapi. Kibati cha muundaji, ambacho kwa kawaida hupigiliwa kizingitini mwa mlango, husaidia, ingawa kibati ni rahisi kuhamishwa. Namba zilizogongwa kwenye mbao zenyewe, mahali ambapo hapakukusudiwa kuonekana, ni shahidi mwaminifu zaidi.

Afrika Mashariki nayo ilichangia umbo lake. Katika miaka ya 1920 na 1930, Chevrolet, Ford na magari mengine ya Marekani yalipendwa hapa kwa kuwa yalisimama juu kutoka ardhini, na mengi yalivikwa nyuma kile kilichojulikana kama 'boksibodi': kisanduku cha mbao au mabati, paa la mbao au turubai, ubavuni wazi au pazia tu. Kilibeba magunia, wafanyakazi wa shamba, bunduki na mahema ya safari za uwindaji. Hakuna katalogi ya Detroit iliyokiorodhesha, na kwa sababu hiyo anayetegemea katalogi peke yake ataitazama boksibodi halisi na kuiona kama gari lililoharibiwa, ailtupe sanduku na kuagiza bodi ya rodista kutoka ng'ambo. Kwa njia hiyo gari lenye historia ya nchi hii hugeuka nakala ya magari elfu nyingine. Mashindano ya Concours d'Elegance yaliyoanza Nairobi mwaka 1970 yamewapa wengi fursa ya kuyaona magari ya kale yaking'aa. Boksibodi haing'ai, nayo huenda ikastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi.

Oili: uzito ambao si uzito

Likishatambuliwa, gari hutakiwa litembee. Hapa lugha huleta tatizo jingine. Mafundi husema oili ni 'nzito' au 'nyepesi', na namba 30, 40 au 50 zilizo kwenye kopo hudhaniwa kuwa vipimo vya uzito huo. Sivyo. Oili yoyote ya injini huelea juu ya maji, kwa hivyo ni nyepesi kuliko maji, hata ile ya namba 50. Kinachopimwa ni mnato, yaani ukaidi wa oili dhidi ya kutiririka. Mfumo wa namba hizi ulianzishwa mwaka 1911 na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, ambacho herufi zake SAE zingali zinaonekana kwenye kila kopo. Namba isiyo na herufi huonyesha mnato oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Namba inayofuatwa na herufi W huonyesha jinsi oili inavyokuwa kwenye baridi. Oili ya 20W-50, basi, hutiririka asubuhi kama oili ya namba 20 ya baridi, na injini ikichemka hushikilia mnato wa namba 50. Oili za namba mbili zilienea kuanzia miaka ya 1950, kumaanisha kwamba hakuna injini ya kabla ya vita iliyobuniwa kwa ajili yazo. Hilo halimaanishi kwamba zinaidhuru.

Vitabu vya maelekezo vya zamani havimsaidii sana msomaji wa leo. Vingi vilitaja jina la kibiashara badala ya namba: Mobiloil A, Mobiloil BB, Castrol XL. Baadhi ya majina hayo yalikwisha kutoweka na mengine yamepewa oili za namna tofauti kabisa. Hata namba huweza kudanganya. Wamiliki wa Ford Modeli A huelekezwa kutia giaboksi yao oili ya '600W', na mtu anaweza kuzunguka maduka yote ya Barabara ya Kirinyaga akitafuta SAE 600 asiipate, kwa kuwa haipo. Hilo lilikuwa jina la oili ya silinda za injini za mvuke, nalo halikuwa na uhusiano wowote na vipimo vya SAE.

Kwa hiyo ni muhimu kujua kwanza namna injini inavyojilainisha. Ford Modeli T, iliyoundwa tangu mwaka 1908 hadi 1927 na kupita milioni kumi na tano, haina pampu ya oili. Gurudumu lake zito la nyuma huzamisha ukingo wake ndani ya oili na kuirusha; sehemu ya oili hiyo hukingwa na mrija mwembamba unaoipeleka mbele ya injini, kisha hurudi nyuma kwa kuteremka. Haina hata kijiti cha kupimia. Kuna vifereji viwili vyenye vali, kimoja juu ya kingine. Oili yapasa kutoka katika cha chini na isitoke katika cha juu. Katika injini ya namna hii, oili yenye mnato mkubwa hairuki vizuri wala haipiti mrijani ikiwa baridi, na beringi ya mbele huachwa kavu. Mwenye gari anayetia oili ya namba 50 akidhani anaihurumia injini kuukuu anaifanyia ukatili. Isitoshe, mikanda ya giaboksi ya Modeli T huogelea katika oili hiyohiyo ya injini, na mikanda ya pamba huchuja nyuzi zake ndani ya oili. Nyuzi hizo ndizo zinazoziba ule mrija.

Modeli A ina pampu, lakini haisukumi oili kwa nguvu hadi kwenye kila beringi kama injini za leo. Huipandisha hadi chumba cha vali, kutoka hapo ikashuka kwa uzani wake hadi beringi kuu, nazo konrodi hujichotea kwa vijiko vidogo kutoka katika vihori vilivyo ndani ya sampu. Beringi zenyewe ni za metali nyeupe, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba uliobuniwa na Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839, na ziliyeyushwa na kumiminwa papo hapo. Hazivumilii ukame hata dakika chache, na zikiharibika si kitu cha kununua dukani.

Austin 7 ya Uingereza, iliyoundwa kati ya mwaka 1922 na 1939, ndiyo inayoonyesha hatari kwa uwazi zaidi. Ndani ya kreti yake mna vitundu vidogo vinavyofyatua oili kuelekea krankishafti inapozunguka, nayo krankishafti hutarajiwa kuidaka. Wamiliki wake wa Kiingereza huutania mfumo huo kuwa wa kutema na kutumaini. Kitundu kikizibwa na kipande cha uchafu kisichozidi punje ya mchele, konrodi iliyo mbele yake hukosa oili, na kwa kuwa kipimo cha presha huendelea kuonyesha kuwa mambo ni shwari, dereva hupata habari kwa kusikia mgongo wa chuma kwa chuma.

Sabuni ndani ya injini

Hapo ndipo linapozuka swali la visafishi. Oili za kabla ya vita hazikuwa navyo. Masizi, vumbi na maji ya mvuke vilitulia chini ya sampu na kwenye kona za injini, vikawa tope jeusi zito kama lami. Injini nyingi hazikuwa na chujio ila wavu wa waya, na tope lile, likitulia, halikuwadhuru watu. Oili za kisasa zina kemikali ambazo mafundi huziita sabuni: huyeyusha tope na kulifanya lielee hadi linaswe na chujio. Injini isiyo na chujio ikitiwa oili hiyo baada ya miaka hamsini ya tope, tope hubanduka na kusafiri. Litakakofikia ni pale palipo pembamba zaidi: mrija wa Modeli T, vitundu vya Austin.

Ni kutokana na hofu hii kwamba watu wengi hushikilia kuwa gari la kale litiwe oili isiyo na visafishi daima. Ushauri huo ni nusu ya ukweli. Injini iliyofunguliwa, ikasafishwa hadi kwenye chuma chake na kufungwa upya, haina tope la kubandua. Kuinyima visafishi ni kuanza kulikusanya tope upya. Injini hiyo yafaa oili ya kisasa ya namba 30, au 20W-50 ikiwa ina nafasi pana kati ya beringi zake, mradi oili imwagwe mapema. Ni injini isiyojulikana historia yake, iliyotolewa bandani ikiwa haijafunguliwa, inayostahili tahadhari. Njia salama ni kuishusha sampu yenyewe na kulikwangua tope kwa mkono, kupitisha waya katika vitundu, kutia oili isiyo na visafishi au yenye vichache, na kuitazama kila baada ya safari fupi. Ile oili ya namba 40 ya dizeli inayopatikana kila mahali haifai kwa injini kama hiyo, si kwa sababu ya namba yake bali kwa sababu ina visafishi vingi mno, vilivyokusudiwa masizi ya dizeli.

Taasisi ya petroli ya Marekani, inayoweka alama za ubora kwenye makopo, huita SA zile oili zisizo na nyongeza yoyote, na huonya kwamba hazifai injini nyingi zilizoundwa baada ya mwaka 1930. Onyo hilo, kwa mwenye gari la mwaka 1926, husomeka kama mwaliko, lakini asilisome hivyo bila kujiuliza yaliyo ndani ya sampu yake.

Lipo suala la zinki ambalo limezusha kelele nyingi. Kiungo chenye zinki na fosforasi kilianza kutiwa katika oili miaka ya 1940 ili kukinga kamshafti dhidi ya kusagika. Tangu viwango vya mwaka 2004, fosforasi katika oili nyingi nyepesi za petroli imepunguzwa hadi asilimia 0.08 ili isiharibu visafisha-moshi vya magari mapya. Wenye magari ya miaka ya 1950 na 1960 yenye springi kali za vali wana sababu ya kulalamika. Mwenye Austin 7 hana. Springi zake ni laini, na injini yake iliishi miaka yote ya ujana wake bila kuonja zinki hata kidogo.

Oili ya mbarika ni kisa cha pekee. Mbarika, mmea unaojiotea ovyo kandokando ya njia nyingi za Afrika Mashariki, hutoa mafuta ambayo hayachanganyiki kwa urahisi na petroli, na ndiyo maana ndege za Vita vya Kwanza zenye injini za kuzunguka ziliyatumia. Jina la Castrol lenyewe limetokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Magari ya mashindano ya kabla ya vita yaliyapenda kwa kuwa hayakatiki kwa joto kali. Hata hivyo, yakikaa hugeuka gundi, na hayapatani na oili ya madini: injini iliyozoea moja isitiwe nyingine kabla ya kufunguliwa na kusafishwa. Kwa gari la kwenda harusini Jumamosi, mbarika ni anasa yenye harufu tamu na bili chungu.

Hali ya hewa ya Kenya hurahisisha mambo. Maagizo ya zamani ya kubadilisha oili nyepesi wakati wa theluji hayatuhusu. Namba 30 hufaa mwaka mzima Nairobi na Nakuru. Mombasa, kwenye foleni ya kivuko cha Likoni saa nane mchana, namba 40 yenye visafishi vichache ina hoja yake. La muhimu kuliko namba ni kuimwaga oili mapema. Ford iliagiza Modeli A ibadilishwe oili kila maili 500, takriban kilomita 800, na watu wa leo hudhani kuwa hiyo ilikuwa hila ya kuuza oili. Haikuwa hila. Kabureta za wakati huo humwaga petroli nyingi ndani ya silinda injini ikiwa baridi, na sehemu yake huteremka hadi kwenye sampu na kuyeyusha mnato. Vumbi huingia kwa kuwa kabureta nyingi hazikuwa na chujio la hewa. Gari linaloendeshwa kilomita tano kila Jumapili halipati joto la kutosha kuyafukuza maji yanayojikusanya ndani yake, na gari hilo ndilo linalohitaji oili mpya mara nyingi kuliko lile la safari ndefu, hata kama kipima-mwendo hakijasogea.

Kabla ya kuimwaga, ivute kwa kidole kutoka kwenye kijiti na kuinusa. Ikinuka petroli na kuteleza kama maji, siku zake zimekwisha. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na injini isiwashwe kabisa hadi chanzo kijulikane. Ikiwa na chembe zinazometameta mwangani, ikingwe katika chombo safi, ichujwe kwa kitambaa cheupe na chembe zionyeshwe sumaku: zikivutwa, chuma kimesagika, zisipovutwa na zikawa za rangi ya fedha, ni metali nyeupe ya beringi, na gari lirudishwe bandani siku hiyohiyo likikokotwa.